Damu ya Bwana Mifugo

Mtaani kwetu Kiseke, hapa Mwanza, watu wanaojua kuchinja ni wengi. Wa kukuzuia usichinje alikuwa mmoja tu, alikuwa mwanamke, na sote tulimwita Bwana Mifugo. Msinicheke, cheo ndicho kilichomkuta hivyo. Wafugaji wa upande wa Kisesa na Bujora walikuwa wamezoea kwamba anayekuja na buti, sindano na sanduku la dawa ni bwana mifugo. Alipokuja yeye, mrefu, na kilemba chake na sketi ya kaki, wakamwamkia vilevile: "Shikamoo, Bwana Mifugo." Akaitikia marahaba, akavaa glavu, akaingia zizini. Mpaka anastaafu hakuna aliyebadilisha, na mwenyewe hakuomba. Ukimwita Bibi Mifugo alikuangalia kama mtu aliyekosea nyumba.

Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na geti lake. Ananiita Fundi, basi. Jina langu nadhani alishalisahau, na nikimwambia hivyo anasema jina haliwezi kupinda suruali.

Sasa, ukitaka kumjua Bwana Mifugo, anza na muuza maziwa. Yule kaka alikuwa akipita asubuhi na baiskeli na madumu yake, anapiga kengele tangu kona ya kanisani. Akifika kwa Bwana Mifugo kengele inanyamaza. Mama anatoka na kile kipimo cha kioo kinachoelea, anamimina maziwa kwenye kopo refu, anakitumbukiza, anainama, anasoma. Sisi wengine tumesimama na sufuria zetu tunasubiri hukumu. Siku kikielea vibaya anasema neno moja, "Maji," anageuka, anaingia ndani. Kaka wa watu anaapa kwa mama yake mzazi. Anasikilizwa na nani? "Kipimo hakina mjomba," anajibu akiwa ameshafunga geti.

Hilo lilikuwa neno lake. Kipimo hakina mjomba. Kwenye sherehe alikuwa balaa. Harusi ya binti wa jirani yetu, ng'ombe ameshachinjwa nyuma ya nyumba, masufuria yako motoni, wageni wanashuka kwenye magari, yeye akaja moja kwa moja jikoni na gauni lake la kitenge, nililolishona mimi, akauliza nyama imekaguliwa na nani. Akaomba aletewe ini. Akalilaza kwenye sinia, akalikata vipande vyembamba, akatafuta minyoo kwa utulivu kama mtu anayechambua mchele. Baba wa bibi harusi akaja juu: "Mama, unatuharibia shughuli!" Akamjibu, "Shughuli itaharibika kesho ukiwa na wageni wote hospitali." Ini lilikuwa safi. Akanawa, akakaa na wenzake, akala kuliko wote.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Huyu aliyechoma sindano mifugo ya nusu ya wilaya, yeye mwenyewe sindano alikuwa anaiogopa mpaka aibu. Nilimsindikiza mara nyingi kutolewa damu. Akishafungwa ule mpira mkononi anageuza uso ukutani, anaanza wimbo wa kanisani kwa Kihaya, na hanyamazi mpaka pamba iwekwe. Manesi walishamzoea, mmoja alikuwa anaitikia. Na tena, huyu asiyependelea mtu, alikuwa na sungura nyuma ya nyumba ambao aliwapa majina ya wakubwa wa kazini waliomnyima uhamisho. Unamsikia asubuhi anafoka, "Mkurugenzi, toka kwenye maji!" Halafu sauti inashuka, anambembeleza, anamkuna masikio. Waitu, kama anavyosema mwenyewe kwa Kihaya chake, sungura wale walidekezwa.

Sasa nije kwenye shingo.

Miaka ya nyuma alitoka uvimbe mbele ya shingo. Mtaani watu wakasema goita, wengine wakasema ametupiwa kitu na mfugaji ambaye yeye alimnyang'anya ng'ombe. Yeye akaenda kupima. Ilikuwa saratani ya tezi ya shingo. Wakaiondoa tezi yote, akapelekwa Dar akapewa dawa ya mionzi, akarudi na kovu kama mkufu na sauti yenye mkwaruzo, maana mshipa mmoja wa sauti uliguswa wakati wa upasuaji. Mimi kwa huruma zangu nikamshonea gauni la kola ndefu. Akalivaa, akajitazama kwenye kioo changu, akalivua. "Kata shingo iwe wazi, Fundi. Sikuiba." Tangu hapo gauni zake zote shingo wazi.

Kila siku alfajiri kidonge kabla ya chai, na kila baada ya miezi kadhaa damu. Alinieleza mwenyewe kinachotafutwa, nimeshika sindano ya kushonea, na aliniuliza maswali kuhakikisha nimeelewa. Kuna kitu kinaitwa thairoglobulini. Tezi ya shingo peke yake ndiyo inayokitengeneza mwilini, hakuna kiungo kingine. Sasa kama tezi imeondolewa yote, kitu hicho kinatakiwa kisionekane kwenye damu. Kikionekana, maana yake kuna mahali mabaki yake, au saratani yenyewe, bado iko hai. "Umeelewa?" Nimeelewa. "Rudia." Nikarudia jamani, ningefanyaje!

Kwa muda mrefu majibu yalikuwa safi. Halafu hospitali ile ikabadilisha mashine, na majibu yake ya kwanza kwenye mashine mpya yakaja juu. Wakarudia, juu zaidi. Utrasaundi ya shingo haikuonyesha kitu, eksirei ya kifua haikuonyesha kitu, lakini damu ilisema kipo. Wakamwambia itabidi arudi Dar kwa mionzi, na huenda shingo ifunguliwe tena.

Hapo ndipo penye kazi. Mshipa mmoja wa sauti ulishaumia. Wa pili nao ukiguswa, walimwambia, anaweza kushindwa kupumua vizuri, akawekewa tundu kooni, na kuongea kukawa shida. Mtu kama yule, bila sauti! Mimi nililia nikiwa kwenye mashine yangu, nikashona mkono wa blauzi ubavuni. Yeye hakulia. Alisema, "Kipimo kimesema," akaanza kujiandaa.

Jinsi alivyojiandaa ungedhani anahamia Ulaya. Alipaka rangi geti. Alikwenda kwa mchungaji akachagua nyimbo za msiba wake, ikiwa itafikia huko, akakataza kwaya ya vijana isiguse ile ya mwisho. Alikuwa ameelezwa kwamba kabla ya mionzi aache chumvi ya madini joto na samaki wa baharini. Yeye akaacha sato, akaacha sangara, akaacha mpaka dagaa, hapa Mwanza ambapo hata paka wamenona kwa dagaa. Nikamwambia, "Mama, wamesema wa baharini, hili ni ziwa." Akasema maji makubwa ni maji makubwa, hataki kubahatisha. Akawa anakula maharage bila chumvi, amenuna. Na sungura akawagawa wote kwa akina mama wa umoja kanisani. Siku wanachukuliwa alisimama dirishani, amenipa mgongo, nikaona mabega yanatikisika. Sikumsogelea, angenifukuza.

Safari ikiwa imeshapangwa na begi limefungwa, kliniki akaingia daktari mwingine, kijana, mpole, macho yamechoka. Nilikuwepo. Akasoma majibu ya nyuma, akasoma mapya, akampapasa shingo muda mrefu, akauliza, "Mama, unafuga?"

Bwana Mifugo akaona anadharauliwa. "Daktari, mimi nimeshika ng'ombe wengi kuliko watu uliowashika wewe."

"Na mbuzi? Na sungura?"

"Sungura nimeishi nao. Kwani saratani inatoka kwa sungura?"

"Hapana mama. Ila naanza kukitilia shaka kipimo."

Kosa kubwa hilo! Ilikuwa kama kumtukania baba yake. Daktari akavuta kiti akaeleza, na mimi nitawaeleza kama nilivyoshika. Kwenye ile mashine wanatumia kingamwili zinazotengenezwa kwa wanyama, panya, mbuzi, sungura. Ziko mbili, na kazi yake ni kuikamata thairoglobulini. Chukulia ni akina mama wawili pale mwaloni, kwenye soko la samaki, wanabeba beseni la dagaa, kila mmoja kashika upande wake. Anayehesabu amekaa mbali, haoni ndani ya beseni. Akiona akina mama wawili wameshikana na beseni, anaandika moja. Sasa mtu aliyeishi na wanyama, aliyejichoma bahati mbaya na chanjo zao, aliyeng'atwa, aliyeparuzwa, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili zake za kupambana na vitu vya wanyama. Hizo zikiingia kwenye mashine zinawashika wale akina mama wawili mikono, mmoja huku, mmoja huku, beseni halipo kabisa. Mhesabuji anaandika moja, mbili, tatu, mia.

"Damu yako nimeomba waizimue kwa maji maalumu," daktari akasema. "Kitu cha kweli ukikizimua nusu kinapungua nusu. Chako hakikupungua inavyotakiwa. Naomba usisafiri kwanza. Nitume damu kwenye maabara nyingine inayopima kwa njia tofauti. Tusubiri."

Bwana Mifugo akasimama. "Mwanangu, usinibembeleze. Mimi si mtoto. Kipimo kimesema ninayo, wewe unataka kunipa maneno matamu nikae nyumbani, na yenyewe inaendelea kula." Akachukua mkoba wake, akatoka. Daktari akanitazama mimi. Mimi nikamtazama daktari. Nani wa kumzuia?

Nilimkamata nje, pale wanapouza karanga. Na leo nikikumbuka nashangaa ujasiri ule niliutoa wapi, maana nilimpigia kelele mtu anayenizidi umri kama mama yangu, watu wanatuangalia. Nilimwambia, "Kwani wewe kwenye mikutano ya wafugaji ulikuwa unasemaje? Si ulikuwa unasema kipimo cha kwanza kinachuja tu, cha pili ndicho kinachohukumu? Umetuchosha na maneno hayo mtaa mzima! Sasa imefika zamu yako unakimbilia kisu! Unaona raha ufe shujaa!"

Nikadhani nitapigwa. Akakaa kwenye benchi la muuza karanga, akaweka mkoba mapajani.

"Bujora kulikuwa na ng'ombe mweupe," akasema. "Mzee aliyemfuga aliniambia, mayu, mama yangu, huyu hajawahi kutupa mimba hata siku moja. Kipimo cha kwanza kilisema ana ugonjwa wa kutupa mimba. Cha pili kilikuwa kinachelewa kutoka Dar. Sikusubiri, nikaagiza achinjwe." Akakunja mkono akaufungua. "Huenda alikuwa amechanjwa tu na mtu wa kabla yangu. Ukimchanja, damu inaonyesha vilevile. Mzee alilia, Fundi. Mimi nikamwambia kipimo hakina mjomba."

Nikanunua karanga, tukala.

Akasubiri. Na kusubiri kwake kulikuwa vita. Alifagia uwanja wake, akafagia na wangu. Aligombana na muuza maziwa asubuhi na akagombana naye tena jioni aliporudi bila maziwa. Kwa mchungaji alikataa kuombewa kwa kutajwa jina, akasema Mungu anajua ni nani. Kila simu ikilia anaangalia kwanza, anajikaza, halafu anapokea kwa sauti ya ofisini. Usiku hakulala, aliniambia mwenyewe, ila hakutaka nimwonee huruma, alitaka nimwambie kitu cha kubishania. Basi nikawa nabisha. Nilibisha mpaka kuhusu kupika ndizi, mimi Msukuma, na Mhaya.

Majibu yakaja. Maabara ya pili haikuona thairoglobulini hata kidogo. Na ile damu ya kwanza, walipoiwekea dawa ya kuzinasa hizo kingamwili zake, namba ikaporomoka. Dar ikafutwa. Kisu kikafutwa. Mimi nilipiga vigelegele humohumo kliniki, nesi akanikanya.

Bwana Mifugo hakupiga. Aliuliza, "Kwa hiyo nimepona?"

Yule kijana akafikiri kwanza. "Sijui, mama. Sijaona ugonjwa. Lakini kwa damu yako kipimo hiki hakiaminiki tena, kikisema ipo wala kikisema haipo. Kingamwili zinaweza kupungua ukikaa mbali na wanyama, zinaweza zisipungue. Maabara ile nyingine hatutaipata kila mara, kwa hiyo tutategemea utrasaundi, na mikono ya kupapasa shingo."

Nje aliniambia, "Yule ndiye daktari. Umesikia alivyosema sijui?" Lakini hatua zake zilikuwa nzito, na nilielewa. Umeishi maisha yako yote umeegemea ukuta mmoja, halafu unaambiwa ukuta ule kwa upande wako wewe ni pazia.

Kanisani habari ikafika kabla yetu. Akina mama wa umoja wakaandaa ibada ya shukrani, muujiza, dada yetu saratani imekimbia! Wakamwita mbele ashuhudie. Akapanda na shingo yake wazi, akashika kipaza sauti, na ule mkwaruzo wake ukajaa kanisa. "Asanteni kwa maombi. Lakini sitadanganya madhabahuni. Mungu hajaniondolea saratani mwezi huu. Mwezi huu hakuna aliyeiona. Mashine ilidanganywa na damu yangu. Ya zamani ilitolewa na daktari kwa kisu, na kama iko au haiko leo, hakuna anayejua. Tuimbe." Mama mwenyekiti alivimba wiki nzima. Kisha Bwana Mifugo akawafuata nje kudai sungura wake. Wale wakatazamana. Walishaliwa, mpaka Mkurugenzi. Akawatazama mmoja mmoja, akauliza kama kuna aliyewakagua.

Wengi tulidhani basi, ataachana na wanyama ili damu itulie na kipimo kirudi kufanya kazi. Mimi mwenyewe nilimshauri. Alinisikiliza, akahamia Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa binti yake, kwenye ng'ombe wa mkwewe.

Mwaka huu nilivuka kwenda Ukerewe kupeleka magauni ya harusi, nikamtafuta. Nilimkuta zizini, mkono mzima umeingia kwa ng'ombe, anamgeuza ndama aliyekaa vibaya. Nikamwamkia kwa mbali. "Marahaba, Fundi, shika kamba." Nikashika nikiwa na viatu vyangu vya safari. Ndama akatoka, Bwana Mifugo akamsugua kwa majani makavu mpaka akapiga chafya. Nikamwuliza, na damu yako je? Akasema, "Nikae bila hawa ili mashine inisikie vizuri? Nisikilizwe nini sasa, nikishakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti?" Utrasaundi haachi, anavuka Mwanza kila anapoitwa. Haogopi, aliniambia. Halafu akajirekebisha, akasema anaogopa kila siku, ila ana kazi.

Akanawa mpaka mabegani. Akaleta kigoda, akakaa akinitazama, akafungua kifungo cha juu cha koti la kazi.

"Katikati ya miadi na miadi ndiko kuna hatari. Binti yangu nimemfundisha kunipapasa shingo lakini ni mwoga. Akinigusa anasema hamna kabla vidole havijafika. Wewe unaweza kusikia pini ndani ya kitambaa. Njoo."

Niliogopa, sitaficha. Nikaanza chini ya taya, nikashuka taratibu pembeni ya shingo, nikapita juu ya kovu, nikasikia mapigo ya moyo wake, nikasikia anameza mate. Nilikuwa nataka sana pasiwe na kitu, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote, na vidole vikaanza kwenda haraka.

"Hamna," nikasema.

Akanishika vifundo vya mikono, akairudisha ilikotoka, chini ya taya.

"Usiombe, Fundi. Tafuta."

Nikatafuta.